Nusu ya Punje

Mujuni alikuwa ameshashika komeo la mlango aliposikia dada yake akikohoa huko nje.

Akaliachia. Tangu arudi Muleba kutoka hospitali, hakuna aliyemgusa. Hata ndizi aliachiwa kizingitini, akala peke yake akitazama ukuta. Uboho aliopewa na dada huyu ulikuwa umeshika vizuri mwilini, lakini asubuhi daktari alimwonya kwa simu: askari wapya wa damu yake bado wachanga, na mafua ya mtu mwingine yanaweza kumuua.

“Fungua, bwana! Basi limenivunja mgongo tangu Bukoba.”

“Unakohoa, dada.”

“Vumbi tu hilo. Yaani damu yangu mwenyewe inanifungia mlango?” Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Kwao mgeni haachwi uani bila kahawa ya kutafuna. Mujuni akaweka punje chache, zilizokaushwa na maganda yake, kwenye mwiko, akaupitisha kati ya nondo za dirisha.

Dada akatia punje moja mdomoni, akaipasua kwa meno. Ndani mlikuwa na mbegu mbili. Moja akaitafuna, ya pili akairudisha kwenye mwiko, kama walivyofanya wazee walipochanjiana udugu.

“Tugawane,” akasema. “Au unanionea kinyaa?”

Mujuni akaichukua. Ilikuwa imelowa mate, na bado ilikuwa na joto la mdomo wa dada. Akaifumbata kiganjani.

Nje, dada alisubiri kumsikia akitafuna.