Uso Usioguswa na Wembe

Muuzaji aling'oa unywele mmoja kichwani mwake, akauingiza kwenye tundu la mashine ya kunyolea, akaiwasha. Unywele ukakatika. Akaiinua ncha yake chini ya taa na kuikagua kwa jicho moja.

"Hii inafaa," alisema. "Visu viko chini ya wavu, havigusi ngozi. Vinakata kama mkasi. Kuna nyingine zinavuta unywele kwanza ndipo zikate. Hizo ni wembe uliovaa koti. Mimi siuzi."

Naftali aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amepanda basi alfajiri kutoka Eilat, akavuka jangwa lote, kwa ajili ya kitu ambacho kule kinauzwa kila duka. Lakini alitaka kinunuliwe hapa Bnei Brak, mji wa washika dini alikoishi baba yake, katika duka lililokubaliwa na marabi. Baba akiuliza amekitoa wapi, awe na jibu.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye wembe. Jikoni kwenye hoteli alikofanya kazi, wapishi wote walinyoa kwa wembe, naye akazoea. Siku moja baba yake alikwenda kumtembelea, akaukuta juu ya sinki, una povu bado. Torati imekataza wembe usoni, na mtoto wa mwalimu wa Torati hakuwa na la kujitetea. Mzee aliondoka bila kugusa chai.

Tangu siku hiyo, maneno kati yao yalipitia kwa kaka yake, Elkana, aliyekaa na mzee.

"Hataki hata kusikia sauti yako," Elkana alimwambia kwenye simu. "Mpe muda. Akilainika nitakuita."

Naftali aliutupa wembe, akawa anapunguza ndevu kwa mkasi. Kila Ijumaa kabla ya Sabato alipiga simu, na kila Ijumaa mzee alikuwa bado hajalainika. Safari hii hakungoja kuitwa. Alimpigia Elkana akiwa tayari ndani ya basi, akamwambia wakutane dukani.

Elkana aliingia anahema. Viatu vyake vilikuwa na matone ya rangi nyeupe, na ndevu zimemfunika mpaka kwenye mashavu. Naftali hakuwahi kumwona hivyo. Elkana alikuwa mtu wa kunyoa kila asubuhi.

"Kaka, nini tena hii? Umekuwa rabi bila kutuaga?"

"Mashine yangu imeharibika," Elkana alisema, akijipapasa kidevu.

"Basi umefika penyewe. Muuzaji, mtolee na huyu, kabla hatujamfunga zizini na mbuzi wenzake."

Muuzaji alicheka. Elkana hakucheka. Alimvuta mdogo wake pembeni.

"Naftali, leo haiwezekani. Nyumba inapakwa rangi, harufu imejaa kila chumba. Na Baba bado ana hasira. Rudi wiki ijayo."

"Nitasimama mlangoni tu. Sitasema neno. Auone uso wangu, aone haujaguswa na wembe, basi. Akinifukuza, nitaondoka."

"Nisikilize mimi."

"Nimekusikiliza sana, kaka."

Alisema kwa upole, maana alimpenda. Elkana ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa mgonjwa. Elkana ndiye aliyemtetea kwa mzee, au ndivyo alivyomwambia. Naftali akasogea kwenye kioo kilichokuwa ukutani na kuiwasha mashine. Mkono wa kaka yake ukamshika kifundo cha mkono.

"Usinyoe."

"Kwa nini?"

Elkana aliutazama mlango. "Nyolea kwako," alisema mwishowe. "Hapa watu wanapita."

"Tangu lini uso wangu ukaona haya?"

Akajitoa taratibu, akaipeleka mashine shavuni. Haikuwa na ubaridi wa wembe wala ile hofu ndogo ya kujikata. Ilinguruma kama paka aliyeshiba. Vindevu vilivyoachwa na mkasi vilipukutika, na ngozi ikatokea chini yake safi, ya kitoto. Alinyoa polepole, shavu hili, kisha hili, kisha chini ya taya, mahali ambapo baba yake alimbusu zamani kila baada ya sala ya jioni. Kwenye kioo alimwona Elkana nyuma yake, amegeukia ukuta.

Mlango ukafunguliwa. Wanaume wawili wenye makoti meusi waliingia wakitabasamu.

"Tumekutafuta mpaka kwenye darasa la Torati," yule mrefu alimwambia Elkana. "Kumbe uko mahali penyewe. Sikiliza, tumekuja kukukaripia. Inatosha sasa. Unatisha watoto wa watu. Nyoa."

"Menashe, tutoke nje."

"Tutoke twende wapi? Hili si la kunong'ona." Menashe akamgeukia Naftali, aliyemdhania mteja tu. "Utuwie radhi, ndugu. Mwenzetu alifiwa na baba yake mwanzoni mwa baridi, na mtoto aliyefiwa na mzazi hanyoi mpaka rafiki zake wamkaripie. Huyu amengoja kweli, ni mtoto mwema. Si kama mdogo wake. Mzee alimsamehe kitambo, akawa anamwita mpaka pumzi ya mwisho. Elkana akampigia simu mara ngapi sijui. Hata mazikoni hakutokea."

Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi mwa Naftali. Menashe aliyatazama mashavu yake, laini, yanang'aa, akapendezwa.

"Hebu mtazame, Elkana," alisema. "Nyoa kama huyu ndugu."