Kimlango cha Jiko

Tangu ajifungue, Mwanaidi alikuwa akikandwa mwili na mama mkwe wake kila asubuhi kwa maji ya moto kama ya kunyonyolea kuku. Leo, kwa kuwa alikuwa fundi umeme wa kusomea, alifunga kipima joto chenye mota kwenye pipa la maji hayo: yalipofika joto alilotaka yeye, kimlango cha jiko la kuni kilijifunga chenyewe na moto ukakosa hewa.

“Nani kakifunga?” aliuliza mama mkwe huyo, Bi Shemsa.

“Mashine, Mama. Imeona yanatosha.”

“Imewahi kuzaa, hiyo mashine?”

“Hapana. Wala haijawahi kuungua. Mimi nimeyapata yote mawili.”

Bi Shemsa akakifungua kimlango, akakizuia kwa koleo la makaa. Mwanaidi akaketi kwenye kigoda, akateremsha khanga, akampa mgongo wenye malengelenge.

“Nikande kwa hayohayo.”

Kimlango, kikijaribu kujifunga, kililitafuna koleo, ta, ta, ta, na Bi Shemsa hakulichomoa, wala hakuchota maji.