Waya wa Kuzimia

Plagi zote mbili zilikuwa safi, kavu, na hazikutoa cheche hata moja.

Mzee Sapargali alizirudisha mahali pake. Alikuwa amesimama ndani ya maji ya ziwa Balkhash, yamemfika magotini, akiikabili mota kuukuu ya enzi za Usovieti iliyofungwa nyuma ya boti. Botini walikuwamo watu watatu: bwana harusi, shemeji yake Kulyash aliyesema kwa niaba ya wote, na bibi harusi aliyefunikwa shela jeupe toka utosini hadi magotini. Kulyash alieleza kwamba bibi harusi wamemtoa mjini, na lazima wavuke ghuba kabla upepo wa mchana haujaanza, kwani kwao kondoo wameshachinjwa na wageni wanasubiri. Sapargali hakumtazama bibi harusi. Mtu mwenye adabu zake hatazami uso ambao wakwe bado hawajaufunua.

Kwa kweli alifurahi kuitwa, na alifurahi zaidi kuitwa siku ile, maana binti yake Marzhan alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Mwaka ule Marzhan alikuwa ameona hitilafu kabla yake mara tatu mfululizo, mara moja bila hata kuinuka kitini, na sasa wavuvi walikuwa na mtindo mpya wa kubisha hodi. Hawakuuliza tena kama fundi yupo. Waliuliza kama Marzhan yupo. Jambo hilo lilimuuma mzee kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Miaka thelathini na minne umeinamia mota za watu, halafu uje kuitwa baba yake fulani! Leo ataipata hitilafu peke yake, au afunge karakana akachunge mbuzi.

Isitoshe, nyumba bila Marzhan hakuiweza. Washenga walikuja mara mbili kumposa, na mara mbili aliwarudisha walikotoka bila hata kuuliza kijana ni nani. Aliwaambia msichana bado mdogo. Marzhan alikuwa na miaka ishirini na saba.

"Labda mafuta yameisha, mzee," bwana harusi alijaribu.

"Kwenu mnafuga nini?"

"Kondoo."

"Inaonekana."

Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, spana namba kumi ikatua kiganjani. Akafungua kifuniko, akatazama platini, vile vidude vya kukata na kuunganisha umeme, kupitia tundu la gurudumu la mota. Zilikuwa safi. Akataka kitambaa, kikaja. Akafuta nyaya nene za plagi, akazipapasa moja moja akitafuta ufa, hakuuona. Akavuta kamba ya kuwashia mara sita, na mara ya sita bega likamkumbusha umri wake. Mota ilikohoa maji, basi.

Kule mbali ziwa lilianza kubadilika rangi. Kulyash aliuliza, kwa upole wa kuudhi, kama kijijini hakuna fundi mwingine wa kumsaidia.

"Hayupo," alisema mzee. "Na hahitajiki."

Akakaa kwenye ukingo wa boti na kufikiri kwa sauti. Plagi mbili haziwezi kufa siku moja. Koili mbili za kuzalisha umeme wa cheche haziwezi kufa siku moja.

"Basi kinachokufa siku moja ni kipi?" Kulyash aliuliza.

"Kile zinachochangia zote mbili."

Alipolisema ndipo alipolisikia. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuzimia, ukaufuata waya wake kwa kidole hadi unapopita chini ya bamba la chuma. Hapo gamba lilikuwa limetoka, shaba iko uchi, imelala juu ya chuma. Mota ya watu ilikuwa inazimwa kabla haijawaka. Akauchomoa waya, akafungua plagi moja, akavuta kamba mara moja, na kwenye ncha ya plagi ikaruka cheche ya buluu, nene, ya kupendeza. Alitamani kulia kwa raha. Akairudisha plagi, akaufunga waya kwa utepe mweusi, akaurudisha, na mvuto wa pili mota ikanguruma.

"Ng'ombe hazeeki maini," Kulyash alisema. "Mzee wetu, umetufungua njia. Tumalizie kwa dua, umri wako unaruhusu."

Sapargali hakungoja kuombwa mara ya pili. Alifungua viganja vyake vyeusi, akawaombea mlango usiokosa wageni, watoto wasiokosa maziwa, na mota isiyokosa cheche. Kisha, kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa, akamgeukia bibi harusi huku macho ameyainamisha. "Na wewe mwanangu, aliyekuzaa awe radhi nawe, wala asikunung'unikie kamwe." Wote wakasema amina, wakapangusa nyuso. Chini ya shela mabega yalitikisika. Mzee alipendezwa, bibi harusi asiyelia hana malezi.

Alasiri wanaume watatu walibisha hodi, mmoja amebeba joho jipya. Waliuliza kama fundi yupo. Marzhan alikuwa hajarudi, hivyo Sapargali aliwamiminia chai mwenyewe na kuwasimulia habari ya waya ule, tangu plagi hadi utepe. Walimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo mkubwa wao akaliweka joho mbele yake, akasema wametoka ng'ambo ya ghuba kuomba msamaha, kama ilivyo desturi kijana akiondoka na binti wa watu. Marzhan yuko kwao.

Mzee alilisukuma joho kando.

"Hana dua yangu," alisema. "Na haipati."

"Anayo, mkwe. Alikataa kuvuka bila hiyo. Umempa leo saa nne, umesimama majini."

Sapargali alivitazama viganja vyake.

"Na ule waya?"

"Aliukwangua mwenyewe alfajiri, kwa wembe. Kulyash alitaka aharibu koili. Binti yako akasema hapana, lazima iwe hitilafu ambayo baba hataikosa."