Mjerumani wa Meli ya Mchana

Evdokia alimchapa Stratos kwa ufagio kabla hajamaliza kulitamka neno "mkataba."

"Rudia," alisema. "Rudia nikupasue hicho kichwa kilichojaa mihuri."

Stratos, karani wa manispaa, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta mweupe. Ilikuwa Agosti, saa sita kasoro, na shati lake lilikuwa limelowa jasho kifuani. Nyuma yake wanaume wawili aliokuja nao walijifanya wanatazama bahari.

"Mama Evdokia, si mimi, ni sheria. Kila mtu anapewa miaka mitatu. Ya kwenu imekwisha tangu Pasaka, nami nimenyamaza kwa heshima yako. Leo Lefteris lazima apishe."

"Ampishe nani?"

Stratos akatazama viatu vyake. "Kuna Mjerumani. Anafika na meli ya mchana."

"Mjerumani!" Evdokia alipiga ukelele mpaka njiwa wakaruka ukutani. "Ufukweni wametandaza viti vyao, hatuna pa kukanyaga. Maji yanakatika kwetu ili wao wapate pa kuogelea, kana kwamba bahari haiwatoshi. Tukienda kanisani, wao wako mlangoni na kaptula wanapiga picha. Sasa mnataka na mahali pa mume wangu?"

Hakusema uongo hata chembe. Agosti ikifika kisiwa hiki si chetu. Kazi yetu ni kubeba sinia na kutabasamu mpaka mashavu yaume. Hata kiwanja kilicho nyuma ya ukuta ule, ambacho manispaa iliapa itakitumia kuwaongezea wenyeji nafasi, kiliuzwa mchana kweupe. Leo kuna hoteli yenye mabwawa, na sisi tunabanana huku. Inakera, tena inakera sana, na aliyetia saini bado anasalimiwa barabarani.

"Huyu Mjerumani amekuja likizo hapa miaka nenda miaka rudi," alisema Stratos kwa upole. "Alipapenda. Alitaka mahali panapotazama bahari. Mke wake ndiye anayemleta."

"Na Lefteris hapapendi? Marumaru hii yote aliichonga kwa mkono wake! Hili ua, hili jani, hili jina lake. Kifua kilishaanza kumbana, lakini alikataa fundi mwingine asiguse. Mtampeleka wapi?"

"Kwenye chumba cha pamoja, kule pembeni. Ni safi, kimepakwa chokaa juzi tu. Atakuwa na wenzake. Hata mama yangu alikaa miaka yake mitatu, akatoka bila kelele."

"Mama yako hakuwahi kumpigia kelele hata paka. Ndiyo maana akamlea mtu kama wewe." Evdokia akamsogelea, ufagio umeelekezwa puani mwake. "Lefteris ndiye baba yako wa ubatizo, Stratos. Alikushika juu ya beseni la kasisi, ukamkojolea shati jipya, akacheka. Leo unamtoa ili alale mgeni!"

Stratos alijifuta uso kwa kiganja. Lefteris mwenyewe, kama kawaida yake, aliwaachia ugomvi wao.

Nje ya lango sauti za watu zikasogea. Kila kundi la watalii huletwa kwanza kwenye kilima hiki, kwa sababu hakuna mahali pengine unapoiona bandari yote kwa mara moja. Marilena, mwongoza watalii, aliinua kibendera chake na kuanza maneno yaleyale ya kila siku.

"Karibuni Paros! Kisiwa cha marumaru nyeupe, divai nyekundu na watu wasio na haraka. Anayefika hapa hataki tena kuondoka!"

"Wamalizie, Marilena!" Evdokia alifoka juu ya ukuta. "Waambie asiyetaka kuondoka anaondolewa!"

Watalii hawakuelewa hata neno moja. Walicheka, wakainua simu zao na kumpiga picha bibi wa watu na ufagio wake.

Chini bandarini meli ikapiga honi. Wale wanaume wawili wakazima sigara na kumtazama Stratos, naye akamtazama Evdokia. Macho ya karani yalikuwa mekundu.

"Mama," alisema, "nakuomba. Usinifanye niwaite polisi mbele ya Lefteris."

Evdokia akautupa ufagio kwa hasira, akakivuta kikapu chake. Alikuwa amejua tangu asubuhi kwamba atashindwa, ndiyo maana alikuja na kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe na chupa ya divai nyekundu, ile ya mizabibu yao.

"Asante, mama, lakini niko kazini," alisema Stratos.

"Nani amekukaribisha?"

Akapiga magoti kwenye marumaru, akaling'oa kwa kidole jani kavu lililonasa kwenye jina la mumewe. Hakulia.

"Inueni jiwe, mchimbe polepole," aliwaambia wale wawili. "Mkifika kwenye mifupa, ondokeni. Nitaitoa mimi, nitaiosha kwa divai yake mimi, na kwenye sanduku la chumba cha pamoja nitamweka mimi. Asimguse mtu wa manispaa."

Alasiri, mikono ya Evdokia ikiwa bado imelowa divai hadi viwikoni, lango lilifunguliwa. Marilena alishusha kibendera. Watalii walivua kofia na kulipisha jeneza lililotoka bandarini, na nyuma yake mwanamke mmoja wa Kijerumani akilia kwa kwikwi.

Evdokia alilikumbatia sanduku la Lefteris kifuani, akalitazama jeneza likishushwa kwenye kaburi lilelile la mumewe.

"Karibu Paros," alimwambia yule mgeni aliyelala ndani. "Una miaka mitatu."