Kopo Namba Saba

"Sasa, bwana dresa, askari akimmeza mwizi, huyo mwizi anakwenda wapi?"

Priska, jirani yake Yudith, aliuliza hivyo mbele ya watu wote, na kijiji kizima cha Chome kikacheka.

Dresa Fanueli, mhudumu wa dawa wa hospitali, hakucheka. Serikali ilikuwa imempandisha mlimani kusaka kifua kikuu, naye alifikia kwa Yudith, mjane wa kanisani, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa safi.

"Ndani ya damu kuna askari weupe," alisema. "Kijidudu kikiingia, wanakimeza na kukisaga. Kwisha! Ila hiki cha kifua kikuu ni kikorofi. Kinamezwa, kisha kinakataa kusagwa. Kinakaa humo humo tumboni mwa askari, kinakula, kinazaa."

"Na askari nani atampekua?" akasema Yudith taratibu.

"Hakuna, mama!" Fanueli akakohoa, akalilaani vumbi la Lembeni alikopitia njiani. Kisha akagawa makopo yenye namba: kila mtu mzima alete makohozi ya alfajiri.

Siku ya tatu aliiacha darubini yake ya kuonea vijidudu, akaingia jikoni kwa Yudith.

"Mama, pole. Kopo namba saba, lako, limejaa vijidudu. Kesho utabebwa kwa machela mpaka Same, na huko hospitali ni mwaka mzima."

Yudith akaacha kukoroga makande. Wajukuu wake watatu, yatima, walikuwa uani wakigombania muwa.

"Na hawa?"

"Priska atawatunza."

"Priska? Kuku wake mwenyewe wanalala njaa!"

"Amri ni amri, mama."

Yudith akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, akamsogezea kigoda. "Kaa, mwanangu, nikwambie kweli. Asubuhi ile nilikohoa hata mbavu zikauma. Wapi! Kifua kikavu kama jiwe la kusagia. Nami ningekurudishiaje kopo tupu? Kwetu hata ukiazima ungo, unaurudisha na viazi viwili ndani. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, ni aibu."

Fanueli akakunja uso. "Sasa humo uliweka nini?"

"Nilichota kidogo tu," akasema Yudith, macho chini, "kwenye lile kopo unalotemea wewe, chini ya kitanda chako."

Fanueli akachukua kofia yake, akatoka, mkono kifuani.