Gunia la Darini

Fundi alizungusha mpini, na mashine aliyoiunda kwa vyuma chakavu ikaanza kubangua karanga. Maganda yakapeperuka, punje zikamiminika kwenye beseni.

“Haina hata jino moja, mama, lakini tazama inavyotafuna! Vidole vyako vipumzike sasa.”

Mama yake akachota konzi. Kila punje ilikuwa imepasuka vipande viwili.

“Si neno, hizi ni za kukaanga tu,” akasema fundi. “Nitailegeza kidogo.”

“Umetoa gunia gani?”

“Lile la darini.”

“Hizo ni mbegu, mwanangu. Iliyopasuka haioti.”

Juu ya bati, mvua waliyoisubiri ikaanza kudondoka. Mama akaketi sakafuni, akalivuta beseni, na kwa vidole vyake vilivyochubuka akaanza kutafuta punje nzima.