Yai la Moraa

Moraa alikuwa amekwisha kuligonga yai mezani na kulimenya nusu ndipo akagundua kwamba ni yeye peke yake anayekula.

Ilikuwa asubuhi ya Pasaka huko Polandi alikokwenda kusoma, na miti iliyokaa mitupu tangu afike ilikuwa imeanza kuchipua. Nyanyake rafikiye wa chuoni ndiye aliyemkabidhi lile yai jekundu, kwa mikono miwili. Naye mamake, muuza mboga kule kwao Rangwe, alikuwa amemwonya kwa simu: "Wakikupa kitu, kula hapo hapo wakiona. Usinitie aibu."

"Hilo si la kula," rafikiye alimnong'oneza. "Ni la kuweka. Nyanya amelichora kwa nta na kulitia rangi wiki nzima."

Moraa alitazama maganda kiganjani. Kwenye kipande kimoja kulikuwa na herufi nyeupe, nyembamba kama uzi: MOR. Zilizobaki zilikuwa zimenata kwenye kidole gumba chake.

Alijaribu kuyaunganisha. Yakazidi kuvunjika.

Kwa vidole vyenye madoa mekundu, Nyanya alimsogezea chumvi.